Madaftari Matatu Juani

Ofisi zetu zimepakana ukuta kwa ukuta, hapa Konde.
Nikikohoa, Shaame wa mifugo huniambia "pole"
bila ya kuinuka kitini.
Birika ni moja, la Mbarouk, bwana afya,
na sukari tunachangiana mpaka mwisho wa mwezi.
Madaftari ndiyo hatukuchangiana.

Langu lina jalada jekundu. Masika yote niliandika humo:
homa, macho manjano, vigimbi vyauma,
kipimo cha malaria: hakuna.
Homa, mkojo rangi ya ukwaju,
kipimo: hakuna.
Na penye safu ya sababu nikachora kistari,
kistari kifupi, safi,
kama mtu aliyemaliza kazi.

Ikaja vuli. Bati likavuja.
Maji yakaingia kabatini, hayakuuliza
hili ni la wizara gani.
Bi Time anayetufagilia akayabeba yote matatu,
akayaanika uani, juu ya jamvi, katikati ya karafuu zake,
kisha akaniita:
"Njoo uyageuze wewe, mie sijui kusoma,
nisije nikaanika miguu juu."

Nikayageuza.
Aprili yangu ilikuwa imeilalia Aprili ya Shaame:
ng'ombe watatu, bonde la Mzambarauni, wameharibu mimba;
mmoja, mweupe, wa Faki, anakojoa damu.
Ubavuni, Aprili ya Mbarouk, wino umetambaa:
kalvati limezibwa na taka, bonde limefurika,
panya wamehamia ghala la mbegu,
maombi ya gari yamepelekwa, hayajajibiwa.
Na kwangu, mstari wa kumi na nne:
Ngwali Faki, miaka kumi na tisa, Mzambarauni, mkulima.
Kistari.

Faki yule yule. Maji yale yale.
Panya alikojoa, ng'ombe akanywa,
na Ngwali akashuka peku kupandikiza mpunga,
kisigino kina mkato wa jembe
niliomfunga mimi, kwa mkono huu, kwa bandeji nyeupe,
nikamwambia: usilowe.
Mtu wa bonde. Masika. Usilowe!

Alizikwa Mei, siku ya mvua.
Shaame na Mbarouk walipokezana jeneza,
mimi nilikaa ndani na mamake.
Hata siku ile hatukuulizana.

Ina jina, homa hii. Homa ya mgunda.
Chuoni nililisoma, kwenye mtihani nikaliandika,
nikapewa alama zangu.
Mgunda: shamba.
Jina lenyewe lilikuwa limenyoosha kidole miaka yote,
tokeni humo ndani, nendeni mkatazame shamba,
nasi tukalikariri.

Shaame alikuja na kikombe chake, akasimama
mpaka chai ikapoa.
"Yule wa Faki," akasema, "nilidhani kala jani baya."
Mbarouk akainama, akabandua karafuu moja
iliyogandia kwenye ukurasa wake,
akaitia mfukoni. Hakusema kitu.

Kisha tukagombana, bila shaka.
Twende bondeni, sawa, kwa mafuta ya nani?
Fungu langu ni la chanjo za watoto,
lake ni la josho,
la Mbarouk lipo kwenye barua.
Ikaadhiniwa Alasiri tungali tunatoleana nyaraka.
Bi Time akakusanya karafuu, akakunja jamvi,
akatuazima deli la mwanawe anayeuza barafu:
"Kwani kwa miguu hakufikiki?"

Ndani ya deli moja, basi:
mirija yangu ya damu ya watu,
mirija ya Shaame ya damu ya ng'ombe,
chupa za Mbarouk za maji ya mfereji,
na harufu ya ubuyu ambayo haikutoka.
Tulipokezana kulibeba.

Faki alikuwa kwenye tuta, suruali imekunjwa magotini,
peku.
Akatuona tunateremka, mmoja, wa pili, wa tatu.
Akaliweka jembe chini.
"Leo mmekuja wote," akasema. "Kafa nani?"

Tukatazamana,
nani ajibu.